Wacha Ndege Izunguke

Wasee, leo nakuja kujipinga mwenyewe. Ile video yangu ya mwezi wa saba, ile niko JKIA kwa wanaowasili nikipiga kelele ati "ukungu kidogo tu na mnapeleka watu Mombasa?", ndiyo imetazamwa kuliko zote tangu nianze hii kazi. Komenti zilikuwa moto. Karibu kila mtu aliniunga mkono. Na nilikuwa nimekosea.

Siku hiyo ilikuwa hivi. Mimi na mathee tuliamka Kinoo saa tisa usiku twende kumpokea sista yangu, anarudi kutoka Doha baada ya miaka miwili. Mathee alikuwa na chapati kwa hotpoti, amezifunga na leso. Waiyaki Way ilikuwa nyeupe. Kuanzia Uthiru mpaka Kangemi ulikuwa unaona taa za gari la mbele na basi. Dere wa ile matatu akaanza kuovateki. Matatu nzima ikamgeukia, mathee wangu akiwa wa kwanza: "We kijana, punguza mwendo! Unatukimbiza wapi na huoni mbele?" Dere akapunguza, tukashukuru.

Masaa mawili baadaye tuko uwanjani, tunaambiwa ndege imefika juu ya Nairobi, ikazunguka, ikaenda Mombasa. Sista alikuja kutua saa nane mchana. Chapati zilikuwa mawe. Na mimi nikatoa simu nikaanza kutukana.

Hebu tuangalie. Dere aliye chini, anayeendesha kilomita 60 kwa saa, tulimwambia apunguze kwa sababu haoni. Rubani aliye hewani na mamia ya watu, anayekuja kutua kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, tulitaka ajaribu bahati. Mathee yule yule. Mimi yule yule. Asubuhi ile ile.

Baada ya hapo nikaanza kusoma vile hii kitu hufanya kazi. Siku ya kawaida, mwongozaji ndege kwenye mnara anatumia macho yake: anaona nani yuko kwa njia ya kurukia na nani ametoka. Ukungu ukiingia, vioo vya mnara vinakuwa kama vimepakwa rangi nyeupe. Anabaki na redio na rada tu. Kwa hivyo utaratibu unabadilika. Nafasi kati ya ndege zinazotua inaongezwa. Zinazosubiri kuruka zinasimamishwa mbali zaidi, kwa sababu ndege ikikaa karibu na antena za ILS, yaani ile mitambo inayomwelekeza rubani kwa mawimbi ya redio, inaweza kupindisha mawimbi hayo. Na JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Foleni lazima ijipange.

Rubani naye ana mpaka wake. Kwa kiwango cha kwanza cha ILS anashuka mpaka futi 200 juu ya ardhi, kama mita 60. Akifika hapo hajaona taa za njia, anapaa tena. Hakuna "wacha nishuke kidogo nione." Ndiyo maana ndege inabeba mafuta ya kuifikisha uwanja mwingine, na juu yake akiba ya kukaa hewani dakika 30. Kwenda Mombasa haikuwa mambo kuharibika. Ilikuwa mpango uliopigwa hesabu kabla sista hajafunga mkanda.

Sasa kuna mtu hapo kwa komenti atasema naogopa vivuli. Buda, hebu rudi Septemba 1974, hapa hapa Nairobi. Jumbo ya British Airways inashuka ndani ya mawingu. Mwongozaji anaiambia ishuke mpaka futi 7,500. Marubani wanasikia 5,000, wanarudia 5,000 kwa redio, na kosa linapita bila mtu kulishika. Uwanja wetu uko kama futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Yaani ndege ilikuwa inaelekea kimo kilicho chini ya ardhi! Walipotoka kwenye wingu wakaona nyasi. Waliivuta juu zikiwa zimebaki futi 70 hivi. Watu wote walipona, lakini kati yao na ardhi kulibaki urefu wa jengo la ghorofa sita au saba. Neno moja likisikika vibaya kukiwa na giza la mawingu, hivyo ndivyo inavyokuwa. Ndiyo maana kila agizo linarudiwa, na ndiyo maana siku ya ukungu kila kitu kinaenda polepole.

Kama hiyo ni ya zamani sana kwako, chukua ya 2007. Usiku wa tarehe 5 Mei, Douala, Cameroon. Mvua ya radi. Ndege mbili za kampuni nyingine zikaamua kungoja hali itulie. Kenya Airways 507, iliyokuwa inakuja nyumbani Nairobi, ilikuwa tayari imechelewa zaidi ya saa moja. Ikaruka bila ruhusa ya mnara. Haikumaliza dakika mbili hewani. Watu 114, na hakuna aliyepona. Uchunguzi ulisema rubani alipoteza mwelekeo gizani. Hao 114 pia walikuwa na watu wa kuwapokea. Nikifikiria wale waliosimama pale pale niliposimama mimi na simu yangu, wakiangalia ubao, naona aibu.

Na 2018, tarehe 5 Juni, ndege ndogo ya FlySax ilitoka Kitale ikija JKIA na watu 10. Ilipatikana Aberdare baada ya siku mbili, kwa sababu mawingu yalifunika mlima hata wanaotafuta hawangeweza kuona. Wote 10 walikufa.

Najua hoja yenu nyingine: "Mbona Ulaya wanatua kwa ukungu?" Ni kweli, kuna viwanja vinatua ndege rubani akiwa karibu haoni kitu. Lakini huko taa za njia, mitambo, umeme wa akiba, ndege na mafunzo ya rubani vyote viko kiwango cha juu. Kimoja kikikosa, ruhusa inaondoka. Na hata huko wakilegea wanalipa. Linate, Milan, Oktoba 2001: ukungu mzito, ndege ndogo ikapotea njia ikaingia pale kubwa ilipokuwa inaruka. Watu 118. Rada ya kuona ndege zilizo chini haikuwa inafanya kazi. Kwa hivyo ukitaka tutue kwa ukungu, sawa, tudai vifaa. Tusidai ujasiri. Ujasiri kwa ukungu ni ile tabia ya dere wetu wa Waiyaki Way.

Hapo ndipo hasira yetu inapotea njia. Tunamrushia rubani na mwongozaji matusi kwa kufanya kazi yao vizuri, na wale wa kuulizwa maswali wanakunywa chai. KAA ndiyo inasimamia uwanja na taa zake. KCAA ndiyo inaongoza ndege. Tuwaulize mambo ya maana: waongozaji wanatosha? Wanapata usingizi? Mitambo inapimwa lini, na ikiharibika inatengenezwa baada ya muda gani? Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya Safarilink yenye watu 44 iligongana na ndege ya mafunzo juu ya Nairobi National Park, muda mfupi baada ya kutoka Wilson. Watu wawili wa ile ndogo wakafa. Hiyo ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Kama anga ya juu ya Lang'ata inajaa hivyo mchana, kweli unataka siku ya ukungu waharakishe?

Na kampuni za ndege, nyinyi siwaachi. Kungoja si shida. Shida ni kungoja bila kuambiwa kitu. Sista alikaa Mombasa masaa bila mtu kumweleza kwa nini, na sisi huku ubao ulikuwa unaandika "imechelewa" tu. Mngesema kwa lugha rahisi, "hatuoni njia, tumeenda Mombasa, tunarudi ukungu ukiinuka," nusu ya matusi yangu yasingetoka. Maji, chakula na ukweli. Hivyo vitatu tunavidai, na tuna haki.

Video ya zamani siifuti, nisije nikajifanya sikusema. Nimeibandika na hii pamoja. Ukiishea ile, shea na hii.

Sista aliniuliza jana, "Ulikuwa unataka nifike saa ngapi, kwani?" Nikakosa jibu. Mathee ndiye alijibu kutoka jikoni, anasukuma chapati: "Saa yoyote, bora ufike."