Sifuri Isiyopimwa

Jina la Ngarenaro limebeba maji ndani yake, kwani engare kwa Kimaasai ni maji. Wako waliandikao kwa neno moja, na wako waliandikao kwa maneno mawili, Ngare Naro. Mkazi wa Arusha hatatizwi na tofauti hiyo. Kompyuta hutatizwa, na pengine hutatizwa bila kusema neno. Nami nashikilia kwamba kimya hicho chastahili kufundishwa mashuleni kabla ya mengi tunayoyafundisha sasa.

Vijana wa shule moja ya hapa walitunga programu ya kuhifadhi kumbukumbu za visima na chemchemi za pande za Mlima Meru. Walitumia lugha ya Java pamoja na Hibernate, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Kazi yake ni ya ukalimani: programu hushughulika na vitu vyenye sifa, ilhali hifadhidata huweka mambo katika majedwali, basi Hibernate huoanisha kila sifa na safu yake, kwa kufuata maelezo iliyoandikiwa.

Vyanzo vya maji havifanani. Kisima hupimwa urefu wa kwenda chini, chemchemi haipimwi hivyo. Maji ya huku yamepimwa floridi, ya kule bado. Kwa hiyo vijana waliziacha sifa hizo katika orodha huria ya majina na thamani, jambo ambalo Hibernate hulikubali, mradi majina yatajwe katika maelezo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, wala siwalaumu.

Kosa lilikuwa herufi moja. Maelezo yalitaja "floridi". Fomu ya kujazia ilipeleka "Floridi". Kwa Java hayo ni majina mawili. Hibernate ikachukua majina iliyoyajua, ikaliacha lile geni bila kulalamika, na safu ikabaki tupu. Kisha programu ya kuchapa taarifa ikasoma jedwali moja kwa moja. Na kanuni ya Java katika usomaji huo ni kwamba, ukiomba namba ya desimali kutoka mahali patupu, unapewa 0, nawe hutajua kwamba palikuwa patupu isipokuwa uulize baadaye. Taarifa ikatoka imeandikwa: floridi 0.

Hapo ndipo mchezo unapokwisha. Miamba ya volkano ya Meru hutia floridi nyingi majini. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu, kwa kuyajua maji yake, iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 mwaka 1974. Inapozidi kwa miaka mingi huharibu meno ya watoto, na hatimaye mifupa. Aonaye sifuri katika taarifa atateka maji na kumnywesha mwanawe.

Msichana mmoja aliyeshika kipimo kwa mkono wake ndiye aliyeikataa sifuri ile. Tuliiamuru Hibernate ichape kila amri na kila thamani inayoipeleka kwenye hifadhidata. Safu ya floridi ilitajwa katika amri. Thamani yake ilikuwa tupu. Basi jedwali halikuwa na kosa, na thamani ilikuwa imepotea kabla ya kufika huko. Walimu wenzangu wengi wangalifuta hifadhidata na kuanza upya, na herufi ile ingalibaki palepale.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku orodha huria, kila sifa ifungwe mahali pake. Sikubaliani nao. Kesho atakuja mtu na kipimo kingine, naye atakipachika katika sehemu ya maoni, mahali ambapo hakuna mashine itakayokisoma. Yafaa orodha ibaki huria, ila mlangoni awekwe bawabu.

Bawabu huyo ni mistari michache tu: kila jina hulinganishwa na yale yaliyotajwa katika maelezo, na likiwa geni kazi husimama na jina hilo huchapwa. Nayo taarifa sasa huandika "hakuna kipimo" mahali palipo patupu. Vijana wananung'unika kwamba programu imekuwa kali. Vipimo vilivyopotea havikufufuka hifadhidatani. Walirudi kwenye madaftari yao ya karatasi, wakaviingiza upya kimoja kimoja.