Neema Haina Risiti

Tuliporudi nyumbani kutoka Hispania, wazee wa usharika walitupokea kwa chai na maandazi. Baada ya sala mmoja wao akauliza, kwa upendo kabisa: "Sasa mchungaji, na wewe mama, mmerudi na nini?" Sebule ikanyamaza. Tulielewa alichokuwa anauliza. Tumeoana miaka kumi na sita na hatuna mtoto. Tulikuwa tumetembea kwa miguu karibu kilomita 780 mpaka kwenye kaburi la mtume. Kwa hesabu ya wengi waliokaa pale, na kwa hesabu yetu wenyewe siku tulipoondoka, safari ya namna hiyo haiwezi kuisha mikono mitupu.

Makala haya ni jibu letu kwa mzee yule. Tunasema kwamba hesabu hiyo ni ya uongo, kwamba imeingia katika sharika zetu za Kilutheri na kukaribishwa kiti cha mbele, na kwamba sisi wawili, mmoja mchungaji na mwingine mwalimu wa shule ya msingi, tuliibeba mgongoni siku thelathini na tano kabla ya kuitambua.

Usharika rafiki wa Ujerumani ndio uliotualika wakati wa likizo ya masomo. Huko, hata Walutheri siku hizi hufunga mabegi na kuifuata njia ya Mtakatifu Yakobo. Tulianzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, tukavuka milima ya Pyrenees, tukaipita kaskazini yote ya Hispania hadi Santiago de Compostela. Watu tuliwaambia tunakwenda kwa mapumziko ya kiroho. Ukweli wenyewe hatukuambizana hata sisi kwa sisi.

Njia yenyewe hatutaieleza sana. Mtu huamka, hutembea, hufua soksi, hulala. Mambo yetu yalitokea mwishoni, katika siku nne tulizokaa Santiago tukisubiri ndege.

Siku ya kwanza tuliingia uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa kuu, mvua ikinyesha. Mahujaji walikuwa wamelala chali juu ya mawe, mabegi yakiwa mito yao, wengine wakilia, wengine wakipiga picha. Tulisimama tukiangalia minara ile tukingoja kuhisi kitu. Tulihisi njaa, na miguu ikiuma. Upande wa kushoto wa anayelitazama kanisa kuna jengo kubwa ambalo wafalme Ferdinand na Isabella waliagiza lijengwe kuwa hospitali ya mahujaji wagonjwa na maskini. Leo ni hoteli ya kifahari. Tulicheka kidogo, tukaenda kutafuta chumba cha bei yetu.

Siku ya pili tulikwenda ofisi ya mahujaji kuchukua cheti kinachoitwa Compostela. Mwaka 2024 walikipata karibu watu 500,000. Unajiandikisha, unapanga foleni, unaonyesha kijitabu chenye mihuri ya kila ulipolala, ili ithibitike kwamba umetembea angalau kilomita 100. Unataja pia sababu ya safari, kwa kuwa cheti hiki ni cha waliotembea kwa imani au kwa kutafuta mambo ya kiroho. Kisha unaandikiwa jina lako kwa Kilatini. Cheti chenyewe ni bure. Ukitaka kingine kinachotaja umbali uliotembea, unalipia.

Tulilipia. Tulitaka kilomita zetu ziandikwe. Jioni tulivitandaza vyeti vyote vinne kitandani, na mmoja wetu akasema kwa mzaha: "Haya, sasa tuna risiti." Hakuna aliyecheka. Tulizima taa na hatukulala mapema.

Siku ya tatu tuliingia kwenye foleni nyingine, ndani ya kanisa kuu. Mahujaji hupanda ngazi nyuma ya altare na kuikumbatia sanamu ya mtume kwa nyuma, kisha hushuka chini kwenye chumba kidogo ambako, nyuma ya nondo, kuna sanduku la fedha linalosemwa kuwa na mifupa ya Yakobo mwana wa Zebedayo. Kama ni mifupa yake au siyo, hatubishani hapa. Luther aliidhihaki vikali, na kanisa la Roma liliithibitisha mwaka 1884. Sisi tulisimama mbele ya nondo zile, na mstari wa Biblia tulioufahamu tangu kipaimara ukatujia kana kwamba hatujawahi kuusoma.

Ni Matendo ya Mitume sura ya 12. Mfalme Herode anamkamata Yakobo na kumwua kwa upanga. Luka anatumia mstari mmoja tu kulisema. Kisha Herode anamkamata Petro, kanisa linamwombea kwa juhudi, malaika anakuja usiku, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Mji ni ule ule, kanisa ni lile lile, Mungu ni yule yule. Mmoja anatoka gerezani na kwenda kubisha mlango wa akina Maria. Mwingine anazikwa.

Tuulizane, wapendwa: Je, Yakobo alipungukiwa imani? Je, kanisa lilisahau kufunga na kuomba kwa ajili yake? Je, hakutoa sadaka ya kutosha? Huyu ni mtu aliyeacha nyavu na baba yake kwenye mashua. Aliuona utukufu wa Bwana mlimani. Yeye na nduguye, pamoja na mama yao, ndio waliomwendea Yesu kuomba viti vya kulia na kushoto, naye akawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake (Mathayo 20). Walijibu kwamba wanaweza. Yakobo alikinywa. Kiti hakuahidiwa.

Na sisi tulikuwa tumetembea kilomita 780 hadi kwenye kaburi la mtume ambaye hakuokolewa, ili kudai tulipwe.

Usiku ule, katika chumba kile cha bei yetu, tuliambizana ukweli. Kila mmoja alikuwa ameweka nadhiri yake kimyakimya. Mmoja alikuwa amemwambia Mungu: nikifika bila kupanda basi hata mara moja, utanipa mtoto. Mwingine alikuwa akihesabu kila lengelenge mguuni kama shilingi inayowekwa benki. Ndiyo maana tuligombana kwenye tambarare baada ya Burgos, pale goti la mmoja lilipovimba na mwenzake akakataa katakata wasipande gari. Siku ile tuliita ukaidi. Sasa tulijua ni biashara. Yule aliyetembea na goti lililovimba alilia sana, na mwenzake akaomba msamaha.

Sasa turudi nyumbani, maana hatukuandika haya ili kuwanyoshea Wakatoliki kidole. Walutheri wengi husema kwa kujivuna kwamba sisi hatuna hija, kwamba Luther alizimaliza. Ni kweli kwamba katika maandiko yake ya mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani alitaka safari za kwenda Roma zikomeshwe, na akawakumbusha wanaume kwamba fedha wanazomaliza njiani ni haki ya wake na watoto wao. Tena alijua anachokisema. Alikuwa amekwenda Roma mwenyewe akiwa mtawa, akapanda ngazi takatifu akisali kwa ajili ya babu yake.

Lakini hija aliyoipinga imebadilisha nguo tu. Imo katika chupa ya maji ya Yordani inayouzwa mlangoni mwa semina ya uamsho. Imo katika mafuta ya upako yenye bei tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Imo katika bahasha inayoitwa mbegu, ambayo muumini anaambiwa aandike juu yake muujiza anaoutaka. Tunamfahamu mama mjane aliyeweka ada ya mtoto katika bahasha ya namna hiyo kwa sababu aliambiwa mlango wake utafunguka kabla ya mwezi kuisha. Mwezi uliisha, mtoto akarudishwa nyumbani, na mama akaambiwa kwamba alitoa huku akiwa na mashaka. Mhubiri alikuwa mgeni, lakini mimbari ilikuwa yetu. Tulimkaribisha sisi, na tulinyamaza kwa sababu jengo la usharika lilihitaji mabati.

Imo pia katika desturi zetu tunazoziona safi. Tunaposoma majina ya waliotoa na viwango vyao, kuanzia mkubwa, na yule mwenye shilingi elfu moja tukamfungia katika neno "na wengineo", tunafundisha nini? Tunapotoa ushuhuda wa waliopona tu, na aliyemwuguza mumewe miaka mitatu akamzika hapewi kipaza sauti, tunafundisha nini? Tunafundisha kwamba Petro ndiye aliyeamini vizuri, na Yakobo ni aibu ya familia.

Najua wapo watakaotujibu kwa Hana. Watasema Hana aliweka nadhiri na akapewa Samweli. Tumeishi na habari ya Hana miaka kumi na sita, wapendwa. Tumesomewa na kila shangazi. Rudini mwisoome tena 1 Samweli 1. Hana anamimina roho yake mbele za Bwana, Eli anamwambia aende kwa amani, naye anakwenda, anakula, na uso wake hauna huzuni tena. Hayo yako katika mstari wa 18. Mimba haijatungwa bado. Amani ilimfikia kabla ya mtoto, na hakuna aliyemtoza kitu kwa hiyo amani.

Wengine watatujibu kwa waraka wa Yakobo, kwamba imani bila matendo imekufa. Kwa desturi Yakobo wa waraka huhesabiwa kuwa ndugu yake Bwana, siyo mwana wa Zebedayo, lakini hoja ni nzuri na tunaipokea. Matendo gani, basi? Sura ya kwanza ya waraka huo inataja yatima na wajane katika dhiki yao. Haitaji ngazi za kupanda wala bahasha. Mungu hana upungufu ambao matendo yetu yataujaza. Jirani anao.

Na hapo tunakiri kwamba njia ile ilitufundisha kitu chema. Mama mmoja mzee kutoka Korea, ambaye hatukuwa na lugha moja naye, alipiga magoti sakafuni akatutoboa malengelenge kwa sindano na uzi, akatufunga vizuri, akaondoka alfajiri. Hatukumwona tena. Hakutuuliza dini wala cheti. Siku ya nne, ya mwisho, tulikaa kwenye ngazi za uwanja tukitazama wanaowasili, tukamwona kijana ameketi peke yake, miguu wazi, damu kwenye soksi. Tulikuwa na plasta na dawa zilizobaki. Tulishuka tukamfunga miguu. Katika siku zote nne, hicho ndicho kitu pekee tulichokifanya Santiago bila kuhesabu.

Jioni tulihudhuria misa ya mahujaji. Hatukwenda mezani, kwa kuwa taratibu za makanisa yetu bado zimetutenga, na hilo nalo linauma. Tulibaki kwenye benchi mikono mitupu. Tulisali Baba Yetu kwa Kiswahili, polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hatukuongeza ombi la mtoto mwishoni. Si kwamba tumeacha kulitamani. Tulitaka kwa usiku mmoja kukaa mbele za Mungu kama watoto wake, bila kuwa wadai wake.

Kwa hiyo, mzee wetu mpendwa uliyeuliza, hili ndilo jibu ambalo siku ile tulilimeza pamoja na chai. Hatukurudi na mtoto. Inawezekana hatutapata. Tumerudi tukijua kwamba ubatizo wetu ulitosha kabla hatujapiga hatua ya kwanza.

Nasi tuna maombi matatu kwa usharika. Msimkaribishe tena kwenye mimbari yetu mtu anayeuza maji, mafuta wala mbegu, hata kama paa linavuja. Acheni kusoma viwango vya sadaka. Na mnapokutana na ndugu asiyepona, asiyezaa, asiyepata kazi, msimwulize amekosea wapi. Kaeni naye. Kama amechoka kutembea, mfungeni miguu.

Vyeti vyetu viko kabatini, pamoja na bima ya pikipiki na risiti za umeme.