Neno la Kituoni: Bomba

Safu hii, kama mnavyojua, huokota neno moja kutoka Noordstation ya Brussels, mahali ambapo karibu sote tunabadilisha treni tukienda au tukitoka Ghent. Safari hii neno ni "bomba". Tunakiri mapema kwamba lilikaribia kutupotezea pesa ambazo si zetu.

Mjomba wa mmoja wetu, ambaye sasa ni mjomba wa safu nzima, anaishi Liège. Ukoo wake unatoka Idjwi, kile kisiwa kikubwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu. Juu mlimani kuna shule ya msingi na nyumba zisizozidi hamsini. Maji yako chini, kwenye chemchemi karibu na ziwa. Watoto hushuka alfajiri na kupanda na madumu kabla ya masomo, na koko yake mjomba alipanda hivyo hivyo maisha yake yote mpaka magoti yakakataa. Kwa muda mrefu jamaa walioko Ubelgiji wamekuwa wakichanga kila mwezi ili wanunue pampu ya sola, mabomba na tangi. Pesa zilipotimia, mjomba akatupigia simu. Yeye ana Kifaransa na Kiswahili cha nyumbani, mhandisi mstaafu aliyejitolea kuwashauri anaandika Kiholanzi, na fundi yuko Idjwi.

"Ninyi si munasoma Kiswahili ku université? Basi, mutafsiri."

Tukatafsiri. Mhandisi aliandika kwamba wasibane pesa kwenye bomba, wachukue lililo pana zaidi. Sisi tukamwandikia fundi: "Tumieni bomba kubwa zaidi." Siku mbili baadaye fundi akatuma bei ya pampu kubwa, kubwa kweli, pamoja na paneli za kuilisha, na akaongeza kwa adabu kwamba haoni sababu yake.

Tulikimbilia kamusi. Bomba ni neno la Kireno, na kwa Wareno bomba ni pampu. Lilipofika pwani yetu likapanuka: likawa mrija wa kupitishia maji, kisha likawa hata mfereji wa jikoni, ndiyo maana tunasema maji ya bomba. Lakini maana ya kwanza haikufa. Bomba la kupulizia dawa shambani ni pampu, bomba la sindano ni pampu ndogo, na la kujazia upepo baiskeli pia. (Kwa vijana wa Dar es Salaam kitu kizuri nacho ni bomba, ila hilo tuliache.) Darasani tumejifunza bomba kuwa mrija. Fundi wetu mrija anauita "tiyo", kutoka tuyau ya Kifaransa, kwa hiyo aliposoma bomba aliona mashine. Hakuna aliyekosea, ila pesa za ukoo zilikuwa zinaelekea mahali pabaya. Kuanzia hapa tutaandika pampu kwa mashine na bomba kwa mrija, na tunaomba msitubadilishie.

Ijumaa ile jioni tukakutana na mjomba Noordstation, kwenye meza za mkahawa wa ukumbini. Alikuwa na haraka. Duka la kutuma pesa la Rue de Brabant, nyuma ya kituo, lingefungwa baada ya saa moja na nusu, na fundi alipaswa kuvuka ziwa kwenda Bukavu Jumamosi kununua vifaa. Tukamweleza kosa letu. Tulitegemea atakasirika. Badala yake alicheka, kisha akatuambia kwamba hata hivyo yeye hakubali ushauri wa mhandisi.

"Batoto, tiyo kubwa ni ya nini? Tiyo kidogo ndiyo inasukuma maji na nguvu. Angalieni mupira wa bustani. Ukiweka kidole pa mudomo, maji inaruka mbali. Halafu tiyo kubwa inajaa maji mingi, ni muzito, pampu itabeba aje?"

Tunasema kweli, sisi wenyewe tulikuwa tunafikiri hivyo mpaka wiki ile. Hoja zake ni mbili, na kila moja inastahili jibu lake.

Tuanze na uzito. Aliyeijibu ni mtu wa hapa hapa, Simon Stevin, aliyezaliwa Brugge mwaka 1548. Sanamu yake mmeipita mara nyingi mkienda kula viazi. Mwaka 1586, mjini Leiden, alichapisha kitabu kuhusu uzito wa maji, na ndani yake akaonyesha kwamba nguvu ya maji kwenye sakafu ya chombo inategemea eneo la sakafu hiyo na kimo cha maji juu yake, si wingi wa maji yaliyomo. Chombo kiwe chembamba kama mwanzi au kipanuke juu kama karai, kimo kikiwa kimoja na sakafu ikiwa moja, msukumo ni mmoja. Kwa hiyo pampu iliyo chini ya mlima haihisi wingi wa maji yaliyo bombani, inahisi kimo tu. Kwetu fundi alikuwa amepima mita 62 kutoka chemchemi hadi tangi, na mita 62 ni baa sita na kidogo, bomba liwe la ukubwa wowote. Kwa klabu ya lugha tuongeze kwamba Stevin aliandika kwa Kiholanzi kwa makusudi, wakati wasomi wenzake walishikilia Kilatini, na ndiye aliyewapa Waholanzi neno wiskunde kwa hisabati. Tulipomwambia mjomba hilo aliuliza kama huyo Stevin alikuwa na mjomba wa kumfanyia haraka.

Hoja ya pili, ya kidole, ni ngumu zaidi, kwa sababu macho yanaona maji yakiruka. Lakini weka ndoo mbele ya mpira huo. Ukibana mdomo, maji yanatoka kwa kasi ila ndoo inachelewa kujaa, maana yanayopita ni machache. Tena umebana mahali padogo tu, pa mwisho. Huku nyuma, ndani ya mpira, maji yanatembea polepole kuliko mwanzo, hayasuguani sana na kuta, na ndiyo maana yanakifikia kidole yakiwa bado na nguvu. Mjomba alitaka kubana mita 480 zote, maana huo ndio urefu wa njia kutoka chemchemi hadi shuleni.

Tukamnyanyua tukampeleka kwenye ngazi. Noordstation inafaa kwa somo hili, kwani reli ziko juu na ukumbi uko chini, kila abiria lazima apande. Treni ya saa kumi na moja na dakika kadhaa ilikuwa imeingia, na watu wakawa wanamiminika kwa ngazi wakikutana na wanaopanda. Kimo cha jukwaa ni kile kile, ngazi iwe pana au nyembamba. Miguu yako italipa kimo hicho tu. Lakini kwenye ngazi nyembamba unalipa pia viwiko, mabegi na magari ya watoto. Nguvu hiyo haikupandishi popote, inaishia kwenye kusukumana. Na watu wakiongezeka maradufu, kusukumana hakuongezeki maradufu, kunazidi hapo sana. Kwa maji ni hivyo hivyo: ukipitisha maji mara mbili kwenye bomba lile lile, hasara ya msuguano inakaribia mara nne. Ukipunguza kipenyo kuwa nusu bila kupunguza maji, hasara inazidi karibu mara thelathini.

Hapo mjomba alinyamaza. Akasema, "Munionyeshe kwa namba."

Namba tulikuwa nazo. Tulizipiga kwenye treni kutoka Ghent, kwa kanuni ya Wamarekani wawili, Hazen na Williams, ambayo mwenzetu anayesomea uhandisi alituandikia nyuma ya tiketi. Lengo ni lita moja kwa sekunde. Kwa saa tano za jua zuri hizo ni lita 18,000, yaani madumu 900 ya lita 20. Mabomba ni yale meusi ya plastiki yanayouzwa kwa roli, ya kuhimili baa 16.

Hapa fundi alituokoa kwa mara ya pili. Tulikuwa tumehesabu bomba la 50 kana kwamba ndani yake kuna milimita 50. Akatukumbusha kwa sauti ya simu kwamba namba ya plastiki ni ya nje, na bomba la baa 16 lina ukuta mnene. Ndani ya 50 mnabaki na milimita 40.8 tu. Mabomba ya chuma yanayohesabiwa kwa inchi yana mazoea mengine kabisa, kwa hiyo mtu akikuambia "inchi moja na nusu" muulize anasema la chuma au la plastiki. Tukarudia hesabu yote, mmoja akisoma, mmoja akibonyeza, mmoja akilinda kahawa isimwagike kwenye daftari.

Bomba la milimita 32, lile alilotaka mjomba kwa sababu ni rahisi, linapoteza mita 76 kwa msuguano. Soma tena: mlima ni mita 62, na bomba lenyewe linaongeza mlima mwingine mkubwa kuliko ule wa kwanza. Pampu ingedaiwa mita 138. Bomba la 40 linapoteza mita 26, jumla 88. La 50 linapoteza kama 9, jumla 71. La 63 linapoteza 3, jumla 65.

Tukichukulia kwamba nusu ya umeme wa paneli ndiyo inayogeuka kuwa kazi ya kupandisha maji, bomba la 32 linataka kilowati 2.7 na lile la 50 linataka 1.4. Yaani pesa unayookoa kwenye bomba unaenda kuilipa kwenye paneli na pampu, na zaidi.

"Na kama nikiacha pampu ile ile ndogo, nikaweka tiyo ya 32?" mjomba akauliza. Swali zuri, tena ndilo linalotokea vijijini kila siku. Pampu haitalalamika wala haitalipuka. Maji yatapungua tu mpaka hesabu itoshee. Tuseme pampu inaweza kufika mita 85. Ukitoa 62 za mlima zinabaki 23 za msuguano, na kwenye bomba la 32 mita 23 zinatosha kupitisha nusu lita kwa sekunde. Madumu 900 yanakuwa 450 na ushei. Hakuna atakayeona kosa, kwa sababu maji yanatoka. Wataona foleni tu, na watalaumu jua.

Basi kwa nini tusichukue la 63, kubwa kuliko yote? Mmoja wetu alilitetea sana, lakini tulimshinda. Ukitoka 50 kwenda 63 unapata mita sita tu, na bomba la 63 lina plastiki zaidi ya mara moja na nusu. Roli zote zinavuka ziwa kwa boti kisha zinapandishwa kwa mabega ya watu. Faida kubwa ilikuwa kutoka 32 hadi 50. Baada ya hapo unanunua hewa. Isitoshe, ndani ya 63 maji yangetembea chini ya nusu mita kwa sekunde, na maji yakienda kivivu namna hiyo mchanga hutuama kwenye mabonde ya njia. Ndani ya 50 yanakwenda karibu robo tatu ya mita, mwendo wa kufaa.

Zilibaki dakika ishirini. Mjomba aliandika mwenyewe ujumbe kwa fundi, hakutuachia sisi: tiyo ya 50, baa 16, mita 480 na roli moja ya akiba, pampu ya kufikisha lita moja kwa mita 71 na nafasi kidogo juu yake, na valvu chini ya kuzuia maji yasirudi jua likizama. Neno bomba hakulitumia hata mara moja. Kisha tukatembea naye haraka hadi Rue de Brabant, tukapita kwenye masanduku ya safari na vitambaa vya arusi, pesa zikaenda.

Tunapoandika haya roli ziko Bukavu zikisubiri boti, na tangi linajengwa. Koko ameuliza kama mfereji utakuwa upande wa nyumba yake au upande wa shule, na huo ni ugomvi wa ukoo ambao hatutautafsiri.

Swali letu kwa walimu ni hili. Ile hasara ya mita tunayoipoteza kwa msuguano, kwa Kiswahili tuiiteje? Kwenye ujumbe wetu tuliandika "upotevu wa kimo kutokana na msuguano", maneno sita. Fundi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu: "Aa, munasema maji inachoka njiani." Tangu siku hiyo daftarini mwetu tumeandika "uchovu wa maji". Mkiwa na neno bora zaidi, tuleteeni, tutakuwa kwenye meza ile ile Ijumaa, karibu na ngazi.