Ukihama, waachie wageni njia

Hebu tuseme unaishi Tetu na mwanao amemaliza kidato cha nne. Unafungua kijitabu cha zamani na kuchapa anwani ya tovuti ya chuo iliyomo humo. Skrini yakujibu kwamba ukurasa haupo. Je, chuo kimefungwa? La! Kimebadili jina tu.

Majina hubadilika. Chuo kilicho karibu na barabara ya Nyeri kwenda Mweiga kiliitwa Kimathi Institute of Technology. Mwaka 2007 kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Jomo Kenyatta, na Desemba 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Taasisi inapobadili jina, mara nyingi hubadili na anwani ya tovuti. Hapo ndipo seva huhitaji kuagizwa iwaelekeze wageni.

Kivinjari chako kikibisha hodi kwenye anwani ya kale, seva hujibu kwa nambari. 301 ni kusema, "tumehama kabisa", 302 ni, "tuko kwingine kwa muda." Kisha hutaja anwani mpya, na kivinjari hukimbilia huko kabla hujapepesa jicho.

Mafundi hukosea mara tatu. Kwanza, huelekeza jina kuu pekee, wakasahau lenye www na yale madogo yanayotangulizwa mbele yake, kama la maktaba au la matokeo ya mitihani. Pili, humtupa kila mgeni kwenye ukurasa wa kwanza, ilhali aliyetafuta karo afaa kufikishwa kwenye ukurasa wa karo. Tatu, huacha cheti cha usalama cha jina la kale kiishe muda, na kivinjari kikamtisha mgeni kabla hajaelekezwa.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuacha kulilipia jina la kale. Majina ya .ac.ke, ambayo husimamiwa na KENIC, hupewa vyuo pekee. Ya .com hununuliwa na yeyote. Likiachwa, tapeli aweza kulitwaa, akaweka fomu na nambari yake ya M-Pesa. Mzazi aliyeuza majani chai atamtumia mwizi karo akidhani anakilipa chuo.

Kwa hivyo, shule, kanisa au chama chenu cha ushirika kikibadili jina, muulize fundi: la kale limelipiwa hadi lini? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.