Anayetembea Karura na Ainame Pia

Wakazi wa jiji la Nairobi siku hizi husema "naenda Karura" kwa urahisi uleule ambao zamani walisema wanakwenda Uhuru Park. Jumapili asubuhi utawaona langoni: akina mama na watoto wao, wazee wenye fimbo, vijana wa mbio, watu wa baiskeli, na wengine ambao kusema kweli wamekuja kupigwa picha tu. Ni jambo jema, nami silipingi. Mtu aliyefungiwa wiki nzima katika moshi wa matatu ana haki ya kuvuta hewa safi.

Lakini nina neno moja na watembezi hao. Wamelipa ada yao, wamemaliza kilomita zao, wamekunywa chai na kurudi nyumbani. Je, ni nani aliyebaki nyuma kung'oa lantana?

Yafaa kwanza vijana waelezwe msitu huu umetoka wapi. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka wa 1932, nayo ina zaidi ya hekta 1,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu binafsi wajenge nyumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti pale, wakashambuliwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana na jiji likatikisika. Msitu ukapona. Walakini kupona kwa karatasi si kupona kwa miti. Kwa karibu miaka kumi zaidi Karura ilibaki mahali pa kuogopwa, pa majambazi na pa kutupwa maiti. Mtu timamu hakuingia.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya misitu ya 2005, iliyowaruhusu wananchi kuunda vyama vya kusaidiana na Serikali kutunza misitu. Chama cha Friends of Karura kikazaliwa. Uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vijiji jirani kama vile Huruma wakaajiriwa kuwa maskauti, na njia zikafunguliwa. Kuanzia 2014 hata mbega waliletwa kutoka upande wa Kipipiri, na leo mtoto wa Nairobi anaweza kuinua macho akamwona mnyama huyo na joho lake jeupe bila kupanda basi kwenda mbali.

Sasa nirudi kwenye lantana, maana ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Msomaji anaijua hata kama hajui jina lake: kile kichaka chenye miba midogo, maua ya manjano na mekundu, na harufu kali ukisugua jani lake. Asili yake ni Amerika ya joto. Ililetwa kuwa ua la bustani na uzio wa shamba, kisha ikatoroka. Matunda yake meusi huliwa na ndege, na ndege hupanda bila kuombwa. Ikishika mahali hufunga juu kama paa, na miche ya miti yetu iliyo chini yake hufa kwa kukosa jua. Ukiikata kwa panga, umeipogoa tu. Kisiki huchipua, na baada ya mvua utakuta vitawi vitano palipokuwa na kimoja.

Hapana budi kuing'oa na mizizi yake. Nimeifanya kazi hiyo, na nakuhakikishia kwamba haina sifa. Watu wanane, jembe na glavu, asubuhi nzima, na eneo mtakalosafisha ni dogo kuliko uwanja wa shule. Viatu hujaa udongo, mikono huchunwa. Na si kazi ya siku moja, kwa sababu mbegu hulala ardhini zikingoja. Mahali palipong'olewa hurudiwa tena na tena, hadi miti ya asili ipate kimo na kutia kivuli chake yenyewe.

Kupanda miti ndiko kunakopendwa. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na wakubwa wote wakapigwa picha na jembe mkononi. Ni vizuri. Ajabu ni kwamba sijawahi kuona mkubwa akipigwa picha akipalilia. Chukua mfano wa muhugu, mti wa Karura hasa, ule ambao wachonga vinyago wetu wameupenda mno hata ukawa adimu katika misitu mingi. Mti huo hukua polepole sana. Mche wake ukiachwa katikati ya lantana hautamaliza mwaka wa pili, hata kama uliopandwa na waziri. Si kama mikaratusi, ile miti ya kigeni ambayo Karura imekuwa ikiondolewa ili miti ya asili irudi.

Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Huduma za Misitu lilitangaza kwamba ada za kuingia zilipwe kwa eCitizen, na chama cha Friends of Karura kikaenda mahakamani. Magazeti yakajaa habari za nani ashike fedha za langoni. Ni swali la haki na mahakama zipo kwa ajili hiyo. Nilichoona ni kwamba watembezi wengi walichagua upande kwa kelele nyingi, kana kwamba msitu ni duka na wao ni wateja tu. Fedha hulipa skauti na hutengeneza uzio. Haziwezi kutosha kuajiri mikono ya kung'oa lantana katika kila bonde la Karura.

Kwa maoni yangu kila kikundi cha matembezi, cha kanisa, cha ofisi au cha wanafunzi, kingeomba kipande chake, kwa ruhusa ya wasimamizi, na kukirudia mara moja kwa mwezi. Kwa saa mbili tu. Baadaye watembee watakavyo. Tena atakayefanya kazi hiyo asilipishwe ada siku hiyo. Huruma iko karibu na uzio, na humo wamo vijana wengi wenye nguvu ambao ada ya lango ni chakula chao cha siku. Kwa sasa hao huuona msitu kupitia nyaya.

Mvua ndefu huanza Machi. Udongo ukilowa mizizi hutoka kwa urahisi, na anayetaka kuanza asingoje Juni, ardhi ikiwa imekwisha kukauka.