Ati Kwa Kuwa ni Mwekundu

Walimu wenzangu wastaafu hunicheka. Wanasema haifai mzee wa miaka sabini na kitu, aliyewahi kushika fimbo ya shule, kuinamia simu jioni nzima akicheza na wajukuu mchezo wa vikaragosi vya rangi rangi. Mmoja wao alivuka mpaka akasema mchezo wenyewe unawafundisha watoto uongo na mauaji. Namheshimu sana mwenzangu huyo, walakini amekosea, tena amekosea mahali ambapo sisi watu wa Usukuma hatuna ruhusa ya kukosea.

Mchezo huo unaitwa Among Us. Ulitolewa mwaka 2018 na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Innersloth, ukakaa bila kuvuma hadi mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona. Wachezaji, tangu 4 hadi 15, huwa mabaharia wa chombo cha anga, kila mmoja kwa simu yake popote alipo. Wajukuu wangu wako Bukoba na Dar es Salaam, mimi nipo Nyegezi, na usiku sote tumo chomboni pamoja. Kila mtu ana rangi yake; mimi huwa kahawia. Kazi zetu ni za kawaida: kuunganisha nyaya, kumwaga takataka, kupitisha kadi mashineni. Lakini kati yetu yumo laghai, pengine wawili au watatu, walioteuliwa kwa siri na mchezo wenyewe. Hao huua na kutorokea kwenye matundu ya hewa. Maiti ikionekana, mkutano unaitishwa, watu wanahojiana, kura zinapigwa, na mwenye kura nyingi anatupwa nje akaelee gizani.

Nimeupendea hapo kwenye mkutano. Usiku wa kwanza mjukuu mmoja aliandika, "Ni mwekundu." Nikamwuliza amemwona wapi. Akajibu, "Babu, mwekundu ndiye siku zote." Nami nikapiga kura pamoja na wengine. Mwekundu akatupwa, na maandishi yakatokea kutuarifu kwamba hakuwa laghai. Watoto wakacheka. Mimi niliweka simu chini.

Ndugu msomaji, nani wa rika langu, Mwanza au Shinyanga, asiyejua habari ya macho mekundu? Mwanamke akipika miaka 40 kwa kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, katika jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje? Kwa miaka mingi vikongwe wetu wamekatwa mapanga kwa macho hayo, baada ya neno moja la mpiga ramli. Miaka ya 1980 Sungusungu walianza kwa kuwasaka wezi wa ng'ombe, kazi njema, lakini kuna vijiji waligeukia na bibi vizee.

Nilikuwa mwalimu katika kijiji kimojawapo. Mtoto alikufa, akaletwa barazani mjane aliyekuwa jirani. Ushahidi ulikuwa macho. Iliulizwa kama yupo mwenye neno. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha darasani habari za moshi na magonjwa ya macho, nami nilitazama viatu vyangu. Niliogopa kwa ajili ya nyumba yangu na watoto wangu. Jioni ile yule mama alishika njia na furushi kichwani na kuku mkononi, na sikupata kujua alifika wapi. Hakuna maandishi yaliyotokea angani kutuarifu.

Basi mwenzangu asiniambie habari ya uongo. Uongo umo, naam. Watoto watajifunzaje kumbaini mwongo pasipo mwongo? Bao linafundisha hesabu, mpira unafundisha kukimbia. Sijui mchezo mwingine unaomkalisha mtoto katikati ya watu wanaonyoosha vidole wote upande mmoja, ukamlazimisha ama kuuliza "umeona nini?" ama kufuata mkumbo. Shuleni hatukuwafundisha hilo. Tuliwafundisha kujibu alilotaka mwalimu, na mimi nilikuwa hodari wa kufundisha hivyo. Tena mchezo una kitufe cha kuruka kura, maana yake sijaona kitu, simhukumu mtu. Kura zikilingana, hatupwi mtu. Na aliyetupwa hubaki kama mzimu: anaona kila kitu, wala neno lake haliwafikii walio hai. Nani alikuwa na kitufe hicho pale barazani?

Kasoro zipo. Bando linakwisha upesi, na ukicheza na usiowajua utakutana na matusi. Sisi hucheza faraghani, kwa herufi za siri tunazopeana wenyewe.

Mwezi uliopita tulibaki watano. Wawili wakasema ni mwekundu, bila sababu. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka kumi, akaandika, "Sijaona kitu, naruka." Nami nikaruka. Kura zikalingana, mwekundu akapona. Kumbe safari hii kweli alikuwa laghai, na hakupita punde akamwua yule yule mtoto aliyemponya. Alinipigia simu kwa hasira, akaniambia nimemponza. Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Tukaanza upya, maiti ikaonekana, wakamtaja mwekundu, naye akaandika tena, "Mmemwona wapi?"