UFUGAJI WA NYUMBANI: Usimtupe kifaranga mwenye miguu mibovu



Mwezi huu tuanze kwa kukiri kosa letu. Tuliwahi kutupa vifaranga watatu walio hai. Miguu yao ilitanuka, mmoja huku, mwingine kule, nasi tukasema, "Hawa vilema, wamekwisha." Kumbe wangeweza kupona! Kuku watatu ni mayai ya watoto, ni sabuni, ni madaftari.

Mara nyingi kosa ni la sakafu. Tunawaweka kwenye turubai au katoni tupu, wanateleza, miguu inatanuka. Watandikie gunia kuukuu au nyasi kavu.

Kifaranga akishatanuka miguu, anza siku hiyo hiyo. Mifupa inakomaa upesi. Ukingoja wiki nzima, kazi inakuwa ngumu.

1. Chukua plasta au kitambaa laini, upana wa nusu sentimita.
2. Funga miguu yote miwili, juu kidogo ya vidole, mfano wa namba 8. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi katikati, asimame na kutembea.
3. Usikaze. Mguu ukivimba au ukibadilika rangi, fungua mara moja.
4. Mtenge na wenzake wanaomkanyaga, lakini asipate baridi. Mpe maji katika kifuniko kifupi, umsaidie kunywa.
5. Kila siku fungua, utazame. Wengi husimama baada ya siku 3 hadi 5.

Je, vidole vimejikunja? Kata kipande cha katoni kama kiatu, nyoosha vidole juu yake, bandika kwa plasta siku 2 au 3. Huenda pia amekosa vitamini B2. Msagie dagaa, umkatie mchicha au matembele. Mama kuku naye ale hivyo, maana udhaifu huanzia kwenye yai. Jua la asubuhi nalo hukomaza mifupa.

Lakini jamani, kuku wa wiki kadhaa akipooza, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, usifunge kitambaa. Huenda ni ugonjwa wa Marek. Hauna dawa, na unaambukiza kuku wengine. Mtenge, umwite mtu wa mifugo.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, watoto pia.

Mwenye njia yake iliyomsaidia atuletee, tuiandike wote tufaidike. Tukutane mwezi ujao!